Jinsi Tulivyoondoa Kirusi Katika Kompyuta ya Nyumbani

Mhariri wetu ameniomba nieleze katika gazeti hili jambo lililotupata nyumbani kwetu wakati wa likizo ya mwezi wa Juni, na namna tulivyoliponya. Nimekubali, ingawa habari yenyewe hainipi sifa, kwa sababu najua kwamba wengi wetu twatumia kompyuta, ama za nyumbani ama za jamaa, na flashi zetu zatembea toka mkono hadi mkono bila kuulizwa zatoka wapi. Wahenga walisema kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nimekwisha kutafunwa. Basi heri nanyi mshtuke mapema.

Mama yangu ni mweka hazina wa kikoba chenye wanachama 25. Kila juma wanachama hununua hisa, wengine hukopa, na wengine hurudisha mikopo yao. Zamani hesabu hizo ziliandikwa katika daftari kubwa. Daftari lilipojaa mwezi wa Machi, nilimshauri Mama aziandike katika kompyuta, naye akakubali. Hesabu zote za toka Aprili hadi Juni zilikuwa katika flashi moja nyeusi aliyoitunza katika mkoba wake, wala hapakuwa na nakala ya pili mahali popote.

Siku ya Jumatano nilikwenda katika duka moja la kuchapisha karatasi ili nipate mitihani ya zamani ya Hisabati na Fizikia. Flashi yangu ikachomekwa katika kompyuta ya pale, ambayo kwa siku moja huchomekwa flashi za watu wengi. Niliporudi nyumbani nikaichomeka katika kompyuta yetu, nikaona mafolda yangu yote yamegeuka kuwa njia za mkato, yaani alama zile zenye mshale mdogo pembeni. Nilipobofya moja, folda ikafunguka kama kawaida. Nikasema moyoni, "Si kitu." Wala sikumwambia mtu.

Hata Ijumaa jioni Mama akachomeka flashi yake ili atayarishe hesabu za mkutano wa Jumapili. Nikamsikia akiniita kwa sauti ambayo sikuizoea. Faili la hesabu halikuonekana. Mahali pake palikuwa na alama moja yenye mshale mdogo pembeni.

Hapo mashauri yakawa mengi. Kaka yangu akampigia simu fundi mmoja wa mtaani, naye akasema, "Ileteni kesho, nitafomati flashi na kupiga Windows upya, ni kazi ya saa moja." Kijana wa jirani akasema anayo programu kali ya kuua virusi, ambayo kwa desturi huuzwa, lakini yeye aliipata bure kwa kuwa kufuli yake imekwisha kuvunjwa. Mama akawasikiliza wote, kisha akauliza, "Na hesabu zangu zitarudi?" Hapana aliyemjibu.

Ndipo nilipomweleza Mama habari ya Jumatano. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, ungeniambia siku ile, leo ningekuwa na kazi ndogo." Maneno hayo yalinichoma kuliko fimbo. Nikaomba ruhusa nimpigie simu Mwalimu wetu wa Kompyuta. Nilipokwisha kumwamkia na kumweleza, hakuniuliza jina la kirusi. Aliuliza hivi: "Mmekwisha kufuta chochote?" Nikamjibu, "Hapana, Mwalimu." Akasema, "Basi mali yenu huenda ingalipo. Msiguse kitu. Chukua karatasi na kalamu."

KIRUSI NI NINI?

Kabla ya kueleza kazi tuliyoifanya, yafaa nieleze adui mwenyewe. Programu ni mfululizo wa amri ambazo mashine huzitii moja baada ya moja. Kirusi ni programu pia, ila imeandikwa ili ijinakili yenyewe na kuhamia mahali pengine bila idhini ya mwenye mashine. Kompyuta haina moyo wa kutambua amri ya mwenye nyumba na amri ya mwizi, ikiamriwa, hutenda. Wataalamu hutofautisha namna nyingi za programu hizi mbaya, lakini sisi katika makala hii tutaziita zote virusi, kama watu wanavyosema.

Jina hili si la jana. Mwaka 1983, huko California, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyeitwa Fred Cohen alionyesha darasani programu ya namna hiyo, na mwalimu wake, Leonard Adleman, ndiye aliyependekeza iitwe kirusi, kwa mfano wa vijidudu viletavyo maradhi. Mwaka 1986 kirusi kilichoitwa Brain, kilichoandikwa na ndugu wawili wa Lahore katika Pakistan, kilienea duniani kwa njia ya disketi. Angalieni basi: disketi zimepitwa na wakati, lakini njia ni ile ile. Kitu kidogo cha kubebea maandishi hutoka mashine moja, huingia nyingine, na maradhi huenda pamoja nacho.

Kirusi kilichotupata sisi kina hila ya pekee. Hakiharibu mafaili, bali huyaficha. Kompyuta huyapa baadhi ya mafaili yake alama ya kufichwa, ili watumiaji wasiyachezee. Kirusi hiki huyabandika alama hiyo mafaili yako, kisha huweka mahali pake njia ya mkato. Ukiibofya, mambo mawili hutendeka pamoja: kirusi huamka na kuingia katika mashine, na folda yako hufunguka, ili usishuku neno. Hivyo ndivyo nilivyodanganyika siku ya Jumatano.

KAZI TULIYOIFANYA

Kwanza, tulisimamisha kila kitu. Tuliichomoa flashi ya Mama tukaiweka kando, tukazima intaneti, na Mwalimu akatukataza kuchomeka flashi nyingine au simu katika kompyuta ile. Alikataza pia kuandika humo neno la siri lolote, la barua pepe au la fedha, maana virusi vingine husoma kila herufi ipigwayo. Mtu akiugua maradhi ya kuambukiza, hatua ya kwanza ni kumtenga na wenzake.

Pili, tuliandika katika karatasi tuliyoyaona: siku gani, flashi ipi ilianza, alama zipi zilitokea. Mwanzoni niliona kazi hii kuwa ya bure. Baadaye niliona faida yake, kwani Mwalimu aliposomewa maandishi yale alitambua mara moja kwamba ugonjwa ni wa kuficha, si wa kufuta. Tena alinifundisha namna ya kuhakikisha kwa flashi yangu mwenyewe, ambayo tayari ilikuwa na ugonjwa. Tulitazama kiasi cha nafasi iliyotumika. Kompyuta ilionyesha kwamba zaidi ya gigabaiti 3 zimetumika, na hali alama zile za mkato kila moja ni kilobaiti chache tu. Mtungi ukidhaniwa kuwa mtupu, unyanyue. Ukiwa mzito, maji yamo. Mama aliposikia hayo alivuta pumzi kwa mara ya kwanza jioni ile.

Tatu, tuliokoa vitu vyetu kabla ya kumpiga adui. Katika kompyuta zilikuwamo picha za marehemu Babu na barua za Baba za kazi. Tulivinakili katika flashi yangu, kwa kuwa ilikwisha kuharibika. Tulichukua picha na maandishi tu. Hatukuchukua programu yoyote wala njia ya mkato yoyote, maana huko ndiko kirusi hupenda kupanda. Hata faili la hesabu au maandishi huweza kubeba amri ndani yake, kwa hiyo flashi ile haikuhesabiwa kuwa safi. Mama aliifunga uzi mwekundu, akasema isichomekwe popote mpaka itakapopimwa.

Nne, tulitayarisha silaha. Kompyuta yetu ina Windows 11, na ndani yake, kama katika Windows 10, imo programu ya ulinzi iitwayo Microsoft Defender, isiyohitaji kununuliwa. Programu ya ulinzi huwa na orodha ya alama za virusi vinavyojulikana, kama polisi walivyo na alama za vidole vya wezi. Orodha ikiwa ya zamani, mwizi mpya hupita. Kwa hiyo Mwalimu aliruhusu intaneti ifunguliwe kwa muda mfupi, bila kufungua kitu kingine, ili orodha hiyo isasishwe. Ilipokwisha, tukaizima tena. Alisema kwamba lau kingekuwa kirusi cha namna ya hatari zaidi, nitakayoieleza mbele, asingeruhusu.

Ile programu ya jirani tuliikataa. Mtu anayevunja kufuli ya programu na kuigawa bure hajulikani ametia nini ndani yake. Mara nyingi dawa ya namna hiyo ndiyo sumu yenyewe. Kadhalika, ukiwa katika intaneti na ghafula likatokea tangazo linalolia kwamba kompyuta yako ina virusi, na kwamba ubofye hapa au upige simu hii, usitii. Lifunge.

Tano, tulianza kusaka. Upo msako mfupi, nao hutazama mahali pachache ambapo virusi hupenda kukaa, na upo msako kamili, nao hupita katika kila faili. Tulichagua msako kamili, ukatuchukua zaidi ya saa mbili. Ulipokwisha ulionyesha vitu viwili: kimoja katika folda ya mambo yanayoamka kila kompyuta iwashwapo, na kingine katika mahali pa faragha pa mtumiaji. Mashine ilituuliza tuvifute au tuviweke karantini. Mwalimu akasema karantini. Faili lililo katika karantini limefungwa, haliwezi kutenda neno. Na kama programu ya ulinzi imekosea ikamkamata asiye na hatia, huyo aweza kurudishwa. Aliyefutwa ni vigumu kumrudisha.

Sita, tulifanya msako wa pili ambao wengi hawaujui. Virusi vingine hujificha vizuri wakati Windows imekwisha kuamka, kama mwizi aliyemo ndani ya nyumba ambaye amezijua nyendo za mlinzi. Microsoft Defender ina msako wa nje: kompyuta hujizima, huwaka tena, nao msako hufanywa kabla Windows yenyewe haijaamka. Kwa kawaida huchukua kama dakika 15. Sharti uhifadhi kazi zako kwanza, na kama ni kompyuta ya mkononi, uichomeke katika umeme. Baada ya hapo tulirudia msako kamili, nao haukuona kitu. Ilikuwa yapata saa sita ya usiku, tukalala.

FLASHI YA MAMA

Asubuhi ya Jumamosi tukaja katika jambo lenyewe. Mngeniona, mngedhani ninapimwa mimi. Nilichomeka flashi nyeusi, wala sikuifungua. Niliiamuru kwanza programu ya ulinzi iipime, ikakamata faili moja la kirusi na kuliweka karantini. Ndipo nilipofungua dirisha la kuandikia amri na kuandika kama Mwalimu alivyonisomea herufi kwa herufi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Maana yake si ngumu. Neno la kwanza laitia kompyuta ishughulikie alama za mafaili. Alama ya kutoa pamoja na h huondoa hali ya kufichwa. Pamoja na r, hali ya kusomwa tu bila kuandikwa. Pamoja na s, alama ya kuwa faili la mfumo. Zile mbili zenye mkwaju huamuru kazi hiyo ifike katika mafolda yote ya ndani na katika mafolda yenyewe. Herufi E ndiyo jina la flashi katika kompyuta yetu. Kwenu yaweza kuwa D au F, kwa hiyo hakikisha kwanza. Usiandike C, maana hapo ndipo Windows yenyewe inapokaa, na alama za mafaili yake zisiguswe.

Nikabonyeza kitufe cha kukubali. Kwa kitambo hapakutokea neno. Kisha folda ya kikoba ikaonekana, na ndani yake faili la hesabu, juma kwa juma, toka Aprili hadi Juni. Mama hakushangilia. Alichukua kadi za hisa za wanachama watatu akalinganisha tarakimu moja moja, na zote zilikuwa sawa. Ndipo alipocheka. Nikafuta zile njia za mkato, na baada ya hapo tukaipima ile flashi ya uzi mwekundu kwa namna ile ile, tukarudisha vitu vilivyokuwa safi, kisha tukaifomati. Kufomati si kosa. Kosa ni kufomati kabla ya kuokoa.

Kwa ajili ya tahadhari, Mama alibadili maneno yake ya siri ya barua pepe na ya huduma za fedha, naye aliyabadili kwa simu yake, si katika kompyuta ile, mpaka msako mwingine wa siku iliyofuata uliposhuhudia kwamba nyumba ni safi.

ITAKUWAJE KIRUSI KIKIKATAA?

Huenda programu ya ulinzi ikashindwa hata kufunguka, maana virusi vingine huizima kwanza. Hapo shikilia kitufe cha Shift huku ukichagua kuwasha upya, na kwa kufuata maelezo utafika katika hali ya usalama, ambayo huamsha programu za lazima tu. Katika hali hiyo kirusi mara nyingi hubaki kimelala. Kikikataa hapo pia, na vitu vyako umekwisha kuviokoa, ndipo shauri la fundi yule linapokuwa jema: pigeni Windows upya. Hakuwa mjinga, dawa yake ilikuwa ya mwisho, naye aliileta mwanzo.

Ile namna ya hatari zaidi niliyoitaja ni virusi vinavyoyafunga mafaili kwa ufunguo wa siri na kudai fidia. Mwezi wa Mei 2017 kirusi cha namna hiyo, kilichoitwa WannaCry, kilienea katika nchi zaidi ya 150, na huko Uingereza hospitali nyingi zilishindwa kuwahudumia wagonjwa kama ilivyopasa. Jambo la kusikitisha ni kwamba kinga ilikuwa imekwisha kutolewa na kampuni ya Microsoft mwezi wa Machi mwaka ule ule. Wengi walikuwa hawajaiweka. Ukikutwa na balaa hilo, tenga mashine mara moja, usifute kitu, wala usikimbilie kulipa, kwani anayelipa hana hakika ya kupewa ufunguo. Ulioponya mafaili ya wengi ni ule msaada wa nakala walizoziweka mbali.

MAMBO YA KUSHIKA

Tangu siku ile nyumbani kwetu tumeweka desturi nne. Flashi yoyote itokayo nje hupimwa kabla ya kufunguliwa. Masasisho ya Windows hayaahirishwi. Nao wenye Windows 10 wajue kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wajitahidi kuhamia iliyo mpya ikiwa mashine yao yaruhusu. Hesabu za kikoba zina nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika flashi, na moja kwa katibu wa kikoba, nyumba ya pili. Tena kila mwisho wa mwezi Mama huzichapisha katika karatasi, ambayo kirusi hakiijui.

Desturi ya nne ndiyo kubwa kuliko zote: anayeona ajabu katika kompyuta aseme siku ile ile, wala hatagombezwa. Mama ndiye aliyeitunga, naye aliitunga kwa ajili yangu. Wazazi na walimu wetu, nawaomba mfanye vivyo hivyo, kwa sababu mtoto anayeogopa kugombezwa atanyamaza, na wakati yeye amenyamaza kirusi hakinyamazi. Toka Jumatano hadi Ijumaa kirusi kile hakikupewa msaada na mtu yeyote ila mimi.

Siku ya Jumapili saa tisa alasiri mkutano ulifanyika chini ya mwembe kama kawaida. Mama alisoma hesabu, wanachama 25 wakasikiliza, mmoja akauliza habari ya mkopo wake, akajibiwa, akaridhika. Hakuna aliyejua kwamba siku mbili nyuma hesabu zile hazikuonekana. Mimi nilikaa pembeni nikigawa maji ya kunywa, na kila Mama alipogeuza ukurasa nilikumbuka mithali isemayo: Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi niliponea chupuchupu. Nanyi wenzangu, msingoje kilio.